Fisi wa Serikali, Mbwa wa Jirani: Fidia ya Aliyeumwa na Mnyama Kitengela na Kajiado

Katika sheria za Kenya, swali la kwanza analoulizwa mtu aliyejeruhiwa na mnyama ni mnyama gani, na jibu lake ndilo linaloamua atamdai nani, atathibitisha nini na atasubiri kwa muda gani. Aliyeraruliwa na fisi huidai serikali, wala halazimiki kuonyesha kwamba kuna mtu aliyekosea. Aliyeumwa na mbwa humdai mwenye mbwa, na aghalabu hutakiwa kuthibitisha ama kwamba mwenye mbwa aliujua ukali wake, ama kwamba alizembea katika kumchunga. Aliyeumwa na bafe hana wa kumdai. Majeraha ya watu hao watatu yanaweza kulingana kwa kina, kwa maumivu na kwa gharama ya matibabu, na bado sheria ikawapeleka katika ofisi tofauti, kwa masharti tofauti na kwa matumaini tofauti.

Kwingi nchini mgawanyo huo haumsumbui mtu, kwa kuwa mkazi wa Kisii au wa Vihiga hukutana na mbwa maisha yake yote bila kumwona simba. Kitengela na sehemu kubwa ya Kaunti ya Kajiado hali ni nyingine. Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi, iliyotengwa mwaka 1946 na yenye eneo la kilomita za mraba 117, imezungushiwa ua katika pande zake tatu, lakini upande wa kusini, kwenye mto Mbagathi ambao Wamaasai huuita Empakasi, imeachwa wazi ili wanyama waweze kutoka kwenda malishoni katika nyanda za Athi na Kaputiei wakati wa mvua na kurejea wakati wa kiangazi. Njia hiyo ya kale ilianza kuzibwa baada ya ranchi ya pamoja ya Kitengela kugawanywa mwaka 1988 na kila mwanachama kupewa kipande chake, kwani vipande vilivyo karibu na barabara ya Namanga na karibu na viwanda vya Athi River vilikatwakatwa vikawa ploti, na ploti zikazaa nyumba za kupanga, machimbo ya mawe, mabanda ya maua, kuta na mageti. Nyumbu wahamao wa nyanda hizo, waliokadiriwa kuwa 26,800 mwaka 1978, walikuwa wamepungua hadi chini ya 3,000 kufikia mwaka 2011.

Nyumbu wanapotoweka, simba na fisi hubaki na njaa ileile, na karibu yao wanakuta mbuzi wa mfugaji, mbwa wa mwenye ploti na mtu anayetoka kazini usiku. Mwezi Juni 2012, katika kijiji cha Ilkeek-Lemedung'i, Kitengela, simba sita waliovamia zizi na kuua mbuzi walichomwa mikuki na wanakijiji. Machi 2016 simba dume aliyejulikana kwa jina la Mohawk alitoka mbugani akafika Isinya, akamjeruhi mtu mmoja kati ya umati uliomzingira, kisha akapigwa risasi na askari wa wanyamapori. Februari 2024 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Multimedia, kilicho mpakani mwa mbuga karibu na Ongata Rongai, alishambuliwa na fisi, na wenzake wakafunga Barabara ya Magadi kwa maandamano. Aprili 2025 msichana wa miaka 14 aliuawa na simba katika eneo la makazi lililo kusini mwa mbuga, ng'ambo ya Mbagathi. Matukio haya yote yanaangukia upande mmoja wa sheria, ule wa wanyamapori, ilhali wanaoumwa na mbwa katika mitaa hiyohiyo, ambao hawaandikwi magazetini, wanaangukia upande wa pili.

Upande wa wanyamapori unatawaliwa na Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013, iliyoanza kutumika Januari 2014. Kifungu chake cha 25 kinatamka kwamba mtu aliyejeruhiwa na mnyamapori aliyetajwa katika jedwali la sheria hiyo, au warithi wa aliyeuawa, wanaweza kuwasilisha dai mbele ya kamati ya uhifadhi wa wanyamapori ya eneo lao, ambayo hulihakiki na kulipeleka kwa Waziri pamoja na mapendekezo yake. Viwango vimeandikwa katika sheria yenyewe: shilingi milioni 5 kwa kifo, milioni 3 kwa jeraha linaloacha ulemavu wa kudumu, na kiasi kisichozidi milioni 2 kwa jeraha lingine lolote, kulingana na ukubwa wake. Chini ya sheria iliyotangulia, familia ya aliyeuawa na tembo au simba ilikuwa ikipewa shilingi 200,000, na kabla ya hapo shilingi 30,000, kiasi ambacho hakikutosha hata mazishi ya heshima.

Msingi wa haki hiyo ni kile ambacho wanasheria hukiita dhima pasipo kosa, yaani wajibu wa kulipa ambao hautegemei uzembe wala nia mbaya ya anayelipa. Sababu yake ni ya kihistoria. Katika kanuni za kale za Uingereza ambazo Kenya ilizirithi, mnyama wa porini anayetembea huru hana mwenyewe, na asiye na mwenyewe hana wa kushtakiwa kwa niaba yake. Dola ilipowachukua wanyama hao chini ya ulinzi wake, ikamkataza raia kuwawinda na ikajenga juu yao biashara ya utalii, ilibaki na deni la kimaadili ambalo Bunge liligeuza kuwa deni la kisheria. Mfugaji wa Kitengela anayezuiwa kumuua simba, tena kwa tishio la kifungo kirefu, amenyang'anywa njia yake ya kale ya kujilinda, na fidia ndiyo malipo ya ukimya wake.

Hata hivyo, haki hiyo ina mageti yake. Geti la kwanza ni orodha. Mnyama asiyekuwamo katika jedwali halipiwi hata akiua, na orodha hiyo hubadilishwa. Sheria ya 2013 ilipopitishwa ilimtaja nyoka mwenye sumu kando ya simba, chui, fisi, nyati, kiboko na tembo, na kwa kuwa nyoka huuma watu wengi kuliko wanyama hao wakubwa, madai yake yaliuelemea mfuko wa fidia. Marekebisho ya mwaka 2018 yakamwondoa. Uamuzi huo ulitetewa kwa hoja ya bajeti, nayo ni hoja dhaifu. Gharama ya kuwa na nyoka nchini haikupungua kwa kufutwa mstari katika jedwali, ilihamishwa tu kutoka hazina ya taifa hadi mfukoni mwa mchungaji aliyekanyaga bafe machungani, ambaye sasa anabeba peke yake gharama ya dawa, ya kulazwa na pengine ya mguu uliokatwa. Anayeishi Kajiado kusini, ambako kituo cha afya kiko mbali na swila hawako mbali, ndiye aliyelipia salio hilo la bajeti.

Geti la pili ni uthibitisho, na ni hapa ambapo madai mengi halali hufa. Afisa wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, maarufu kama KWS, anatakiwa kufika na kuona nyayo, manyoya, alama za meno au mzoga kabla mvua haijanyesha na kabla kundi la ng'ombe halijapita juu ya ushahidi huo. Mwathiriwa anahitaji nambari ya taarifa iliyoandikwa katika kitabu cha matukio cha kituo cha polisi, ile ambayo kila Mkenya huiita OB, pamoja na ripoti ya daktari inayoeleza jeraha na kiwango cha ulemavu. Warithi wa marehemu wanahitaji cheti cha kifo na hati za kusimamia mirathi, ambazo zenyewe huchukua miezi kadhaa mahakamani. Kadi ya hospitali iliyoandikwa tu kwamba mgonjwa ameumwa na mnyama, bila kumtaja mnyama huyo, humwacha mwathiriwa nje ya milango yote miwili, kwa maana haiifungi serikali wala haimgusi jirani. Hili si jambo la kinadharia katika mitaa ya pembezoni mwa Kitengela, ambako aliyeshambuliwa gizani alfajiri huweza asijue kama alivamiwa na fisi au na kundi la mbwa, na ambako muuguzi anayemshona hana sababu ya kitabibu ya kujali tofauti hiyo zaidi ya hofu ya kichaa cha mbwa.

Geti la tatu ni fedha. Sheria inasema Waziri atalipa pale inapofaa, na chanzo cha malipo ni kile ambacho Bunge limekitenga katika mwaka husika. Madai yaliyokubaliwa yamekuwa yakirundikana kwa miaka mingi, na familia zimekuwa zikihesabu misimu ya mvua huku barua ya kukubaliwa ikichakaa sandukuni. Kiwango cha milioni 5 kilipoandikwa, kilisifiwa kuwa kikubwa kuliko vyote katika Afrika Mashariki, na ni kweli kwamba Tanzania, kwa kanuni zake za mwaka 2011, iliweka shilingi milioni moja ya nchi hiyo kwa kifo na ikakiita kiasi hicho kifuta machozi, jina linalokiri wazi kwamba serikali haikusudii kulipa thamani ya kilichopotea. Lakini ahadi ndogo inayolipwa mapema na ahadi kubwa inayolipwa baada ya miaka saba zinakaribiana thamani kuliko karatasi inavyoonyesha, hasa kwa mjane mwenye karo za shule za kulipa muhula huu.

Asiyeridhika na uamuzi wa dai lake ana siku 30 tangu alipoarifiwa kukata rufaa mbele ya Baraza la Kitaifa la Mazingira, na kutoka hapo anaweza kwenda katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Wapo wanaojaribu kuruka kamati na kwenda moja kwa moja mahakamani wakilishtaki KWS kwa uzembe, kwa mfano kwa kudai kwamba shirika liliarifiwa kuhusu simba waliotoka mbugani na lisichukue hatua. Njia hiyo ina hatari, kwa kuwa mahakama za Kenya zimeshikilia mara nyingi kwamba pale sheria inapoweka utaratibu maalumu wa kutatua mgogoro, utaratibu huo sharti umalizwe kwanza, na mdai anayeupuuza anaweza kujikuta amepoteza miaka na gharama bila kusikilizwa kuhusu kiini cha shauri lake.

Kwa mfugaji, suala la mtu kujeruhiwa ni la nadra kuliko suala la mifugo kuliwa. Fidia ya mifugo, iliyofutwa mwaka 1989, ilirudishwa na sheria ya 2013 kwa bei ya soko, lakini kwa sharti zito: halipwi aliyeshindwa kuchukua hatua za kadiri za kulinda mali yake, wala yule ambaye matumizi yake ya ardhi yanapingana na mpango wa usimamizi wa mfumo wa ikolojia wa eneo lake. Maneno "hatua za kadiri" hayakufafanuliwa kwa vipimo. Je, boma la miiba, ambalo ndilo boma la Kimaasai tangu jadi, linatosha, au mfugaji anatakiwa kuwa na waya wa nguvu na nguzo za chuma? Swali hilo lilizidi kuwa gumu baada ya Richard Turere, kijana aliyelelewa ukingoni mwa mbuga hiyo, kubuni akiwa na umri wa miaka 11 taa zinazomweka kwa zamu kuzunguka boma, akitumia betri, paneli ya jua na kiashirio cha pikipiki, ili simba adhani kuna mtu anayetembea na kurunzi. Mwaka 2013 ubunifu huo ulimfikisha katika jukwaa la mihadhara ya TED huko Marekani, na taa za aina hiyo zikaenea. Hapo ndipo mtego ulipo, maana kadiri kinga inavyopatikana kwa urahisi, ndivyo afisa anayehakiki dai anavyoweza kumwambia asiye nayo kwamba hakujilinda. Tafsiri ya haki ni ile inayopima kadiri kwa uwezo wa mfugaji husika na kwa desturi za eneo lake, kwani kumhukumu mwenye mbuzi ishirini kwa kipimo cha mwenye ranchi ni kumnyima fidia kwa sababu ya umaskini wake.

Ukungu huo wa kisheria ndio uliofanya taasisi zisizo za kiserikali zijaze pengo. Kule Mbirikani, kusini mwa kaunti karibu na Amboseli, mfuko wa kulipia mifugo iliyouawa na wanyama wala nyama umekuwapo tangu mwaka 2003, ukiwalipa wafugaji kwa masharti kwamba wasiwaue wanyama hao, na kwa kawaida hulipa kwa haraka ambayo serikali haijaweza kuifikia. Kitengela kwenyewe njia tofauti ilijaribiwa tangu mwaka 2000, ambapo wenye ardhi walilipwa kodi ya takriban dola 4 za Marekani kwa ekari kila mwaka ili wasijenge ua wala kuuza. Mpango huo haukuwa fidia kwa maana ya kisheria, lakini ulitambua jambo ambalo kifungu cha 25 hakilitambui, kwamba gharama ya kuishi na wanyamapori huanza kabla ya shambulio. Wala hakuna mfuko uliomaliza hasira: Mei 2023 simba sita waliuawa kwa usiku mmoja huko Mbirikani baada ya kuua mbuzi kumi na mmoja na mbwa mmoja, siku chache tu baada ya kuuawa kwa Loonkito, simba wa miaka 19 aliyekuwa miongoni mwa wazee kabisa wa jamii yake.

Anayegeuka kutoka kwa fisi kwenda kwa mbwa hutoka katika sheria ya mwaka 2013 na kuingia katika karne ya kumi na tisa. Kenya haina sheria ya Bunge inayoeleza kwa ukamilifu dhima ya mwenye mbwa. Kinachotumika ni sheria ya kimahakama ya Uingereza, yaani kanuni zilizojengwa na majaji kesi baada ya kesi, ambazo Sheria ya Mahakama, Sura ya 8, inaruhusu zitumike nchini pamoja na sheria za jumla zilizokuwa zikitumika Uingereza tarehe 12 Agosti 1897, ilimradi hali ya Kenya na ya wakazi wake ikubali. Kanuni hizo ziliwagawa wanyama mafungu mawili. Fungu la kwanza ni wanyama wakali kwa asili, ambao mfugaji wao hulipa madhara yote hata kama mnyama wake hajawahi kumkwaruza mtu. Katika kesi ya Filburn dhidi ya People's Palace ya mwaka 1890, tembo aliyefunzwa maonyesho na aliyeaminiwa kuwa mpole aliwekwa katika fungu hilo, na mwenyewe akalipa. Fungu la pili ni wanyama wa kufugwa, akiwamo mbwa, ambao mwenyewe hulipa tu ikiwa alijua kwamba mnyama huyo mahususi ana tabia ya kudhuru.

Ujuzi huo wa awali ndio kiini cha mashauri mengi ya mbwa. Anayedai anatakiwa kuonyesha kwamba mbwa aliwahi kuuma, kuvamia au kutisha, na kwamba habari hizo zilimfikia mwenyewe. Katika ploti za Kitengela, ambako wapangaji huhama kila mara na majirani huogopa kutoa ushahidi dhidi ya mwenye nyumba, sharti hilo hugeuka kuwa ukuta. Lakini upo ushahidi ambao wenye mbwa huutundika wenyewe. Kibao cha "Mbwa Kali", kilichopakwa rangi nyekundu kwenye geti la karibu kila boma la mjini, huwekwa kwa imani kwamba kinamwondolea mwenyewe lawama, ilhali kinaweza kusomwa kinyume, kuwa ni kukiri kwa maandishi kwamba mwenyewe anajua mbwa wake ni mkali. Kibao hicho husaidia zaidi dhidi ya mvamizi. Katika kesi ya Cummings dhidi ya Granger iliyoamuliwa na Mahakama ya Rufaa ya Uingereza katika miaka ya 1970, mwanamke aliyeingia bila ruhusa usiku katika uwanja wa vyuma chakavu jijini London, huku akijua kuna mbwa, alikosa fidia. Uamuzi huo ulitolewa chini ya sheria ya Kiingereza ya 1971 ambayo haitumiki Kenya, lakini mantiki yake ya mtu kujitwalia hatari kwa hiari yake inaweza kumshawishi hakimu wa Kajiado. Dhidi ya mgeni halali, mathalani msoma mita, mchuuzi wa maji, mama fua au mwendesha bodaboda aliyeitwa kuleta mzigo, kibao peke yake ni ngao nyembamba.

Wageni hao wana njia nyingine ambayo haidai ujuzi wa awali. Sheria ya Dhima ya Wamiliki wa Majengo, Sura ya 34, inamtaka anayekalia mahali ahakikishe kwa uangalifu wa kadiri kwamba wageni wake halali wako salama, na mbwa aliyefunguliwa mchana wakati mgeni anatarajiwa ni hatari kama shimo la choo lililoachwa bila kifuniko. Aidha, mtu yeyote anaweza kudai kwa msingi wa uzembe, yaani kushindwa kuchukua tahadhari ambayo mtu makini angeichukua: geti bovu, mnyororo uliooza, mtoto aliyepewa mbwa mkubwa amtembeze barabarani. Kwa mbwa wa kampuni ya ulinzi, kampuni hubeba kosa la mfanyakazi wake aliyemwachia mbwa akiwa kazini. Mfanyakazi aliyeumwa na mbwa wa mwajiri wake mwenyewe, kama mlinzi au yaya, huwa katika njia tofauti kabisa, kwa kuwa Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007 humpeleka kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini, nayo humtaka awasilishe dai lake ndani ya miezi 12; Mahakama ya Juu iliithibitisha sheria hiyo Desemba 2019, na tangu hapo wafanyakazi wanaokimbilia mahakama za kawaida kwanza wamekuwa wakirudishwa mlangoni.

Jambo la kushangaza ni kwamba katika urithi huohuo wa Kiingereza, kondoo na ng'ombe walilindwa kabla ya binadamu. Sheria ya Mbwa ya Uingereza ya mwaka 1865 ilimfanya mwenye mbwa awajibike kwa madhara ya mbwa wake kwa ng'ombe au kondoo bila mdai kulazimika kuthibitisha tabia mbaya ya awali, huku mtu aliyeng'atwa akiendelea kudaiwa ushahidi huo kwa zaidi ya karne nzima. Kwa kuwa sheria hiyo ilikuwapo mwaka 1897, wakili wa mfugaji ambaye kondoo wake wameuawa na mbwa wa mtaa mpya uliojengwa kando ya malisho yake ana hoja ya kuijenga, na ni hoja inayostahili kusikilizwa, kwani hali ya wakazi wa Kajiado inaikubali pengine kuliko hali ya London ya leo.

Wanabaki mbwa koko, wasio na kola wala mwenyewe, ambao hulala kwenye majaa ya taka na vichinjio. Dhidi yao kanuni za mwenye mbwa hazina nguvu. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, iliweka ulinzi wa wanyamapori mikononi mwa serikali ya kitaifa, lakini udhibiti na ustawi wa wanyama, ukiwamo utoaji wa leseni za mbwa, iliukabidhi serikali za kaunti. Kwa hiyo wajibu wa kuwapunguza mbwa hao kwa chanjo, kuhasi na usimamizi wa taka ni wa kaunti. Kuugeuza wajibu huo kuwa fidia kwa mtu mmoja aliyeumwa ni kazi ngumu, kwa sababu mdai anatakiwa kuonyesha kwamba kaunti ilijua hatari mahususi mahali mahususi na ikaipuuza, na barua za malalamiko za wakazi, zenye tarehe na mhuri wa kupokelewa, ndizo zinazoweza kujenga msingi huo.

Ushahidi wa jeraha la mbwa huanza na matibabu, na hapa sheria na tiba huenda pamoja. Shirika la Afya Duniani hushauri jeraha lioshwe kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha mgonjwa apewe chanjo ya kichaa cha mbwa kwa ratiba kamili, kwani ugonjwa huo ukishaonyesha dalili karibu hauna tiba, na mbwa ndio wanaousababisha kwa asilimia 99 ya wagonjwa. Kenya ilijiwekea mwaka 2014 lengo la kuutokomeza kufikia 2030. Kumuua mbwa papo hapo na kumtupa, jambo ambalo umati hulifanya kwa hasira, humharibia mwathiriwa mara mbili: daktari wa mifugo hukosa kumchunguza mbwa kwa siku 10 ili kujua kama ana kichaa, na mahakama hukosa njia ya kumhusisha mbwa huyo na mwenyewe. Cheti cha chanjo ya mbwa, au kukosekana kwake, nacho ni kithibitisho cha uangalifu au cha uzembe wa mwenyewe.

Mahakama hutofautisha aina mbili za malipo. Fidia ya jumla ni ile inayokadiriwa na hakimu kwa maumivu, kovu na ulemavu, kwa kuangalia kesi zilizotangulia zenye majeraha yanayofanana. Hasara mahususi ni fedha halisi zilizotumika, nazo hazilipwi ila zimetajwa katika hati ya madai na kuthibitishwa kwa risiti, hivi kwamba anayenunua dozi za chanjo dukani bila risiti amejinyima sehemu hiyo ya haki yake. Muda wa kufungua shauri ni miaka 3 tangu siku ya tukio. Mzazi wa mtoto aliyeumwa asitegemee utoto wa mwanawe kusimamisha saa, maana sheria ya ukomo wa mashauri inaweka vikwazo kwa mtoto anayelelewa na mzazi wake, na ni salama zaidi kufungua shauri mapema kwa jina la mtoto kupitia mtu mzima anayemwakilisha. Dai lisilozidi shilingi milioni 1 linaweza kupelekwa katika Mahakama ya Madai Madogo, ambayo ilianza kazi Aprili 2021, haimlazimishi mdai kuwa na wakili, na inatakiwa na sheria kutoa uamuzi ndani ya siku 60.

Tofauti kati ya njia mbili hizi basi haiko pale inapodhaniwa. Aliyeraruliwa na fisi ana haki kubwa kwenye karatasi na mdaiwa asiyefilisika, lakini hana njia nyepesi ya kumlazimisha mdaiwa huyo alipe mwaka huu. Aliyeumwa na mbwa ana mzigo mzito wa kuthibitisha na fidia ndogo, lakini akishinda anaweza kutuma dalali wa mahakama hadi sebuleni kwa mdaiwa wake, na ingawa wengi wa wenye mbwa katika ploti hawana bima ya kulipia madhara kama hayo, tishio la dalali limemaliza migogoro mingi mbele ya chifu kabla ya hakimu kuisikia. Ingekuwa rahisi kuzirekebisha zote mbili. Bunge la kitaifa linaweza kufuta sharti la ujuzi wa awali na kumfanya mwenye mbwa alipe bila kujali historia ya mbwa wake, jambo ambalo nchi nyingi zimeshalifanya, na linaweza kuufanya mfuko wa wanyamapori usitegemee huruma ya bajeti kwa kuutengea sehemu isiyobadilika ya mapato ya utalii. Bunge la Kaunti ya Kajiado haliwezi kubadilisha kanuni za dhima, lakini leseni za mbwa ziko mikononi mwake, na masharti ya leseni yanayodai chanjo, kola na ua imara yangempa mwathiriwa kipimo kilichoandikwa cha uangalifu, ambacho mwenye mbwa aliyekivunja angelazimika kukijibu mahakamani hata kama mbwa wake hajawahi kumuuma mtu.